Sura ya 7: Karata ya Tano na Dakika Kumi Zinazofuata

Tuutazame mgao mmoja polepole, maana mezani kwenyewe hupita kwa chini ya dakika moja.

Meza ni ya dau dogo. Blaindi, yaani madau ya lazima yanayoanzisha kila mgao, ni senti 5 na senti 10 za dola, na kila mchezaji ameingia na dola 10. Umegawiwa ree mbili, ya shupaza na ya kopa. Katika Texas Hold'em hakuna mwanzo bora kuliko huo, na kwa wastani huja mara moja katika kila migao 221. Unapandisha dau, wote wanatupa karata zao isipokuwa mmoja. Huyo naye anapandisha juu yako, unapandisha tena, anafuata, na fedha zote zinaishia katikati: zako 10, zake 10. Karata zinafunuliwa. Ana wafalme wawili, wa uru na wa pau. Zinashuka karata tatu za kwanza: tisa ya pau, nne ya kopa, mbili ya shupaza. Ya nne ni ghulamu wa uru. Zimebaki karata 44, na kati ya hizo ni mbili tu zinazoweza kumwokoa. Inafunuliwa ya tano: mfalme wa shupaza. Fedha zinateleza kwenda upande wa pili wa skrini, na kabla hujashusha pumzi programu imeshaanza mgao mwingine.

Poka ya mtandaoni imejaa karata za tano za namna hii. Kila anayecheza ameshalizwa nazo, na atalizwa tena. Sura hii haitakufundisha kuzikwepa, kwa kuwa hazikwepeki. Nia yangu ni kukukinga na kinachokuja nyuma yake. Karata ya tano imekugharimu kiingilio kimoja cha dola 10. Hasira ya dakika kumi zinazofuata inaweza kukugharimu viingilio vitano, na hiyo ni hasara unayojitia kwa mkono wako mwenyewe. Wahenga walisema hasira hasara. Mchezaji wa poka aishike kauli hiyo kama kanuni ya fedha, tena kanuni ya kwanza.

Hesabu inasemaje

Rudi kwenye mgao ule. Fedha zote zikiingia kabla karata za mezani hazijafunuliwa, ree mbili huwashinda wafalme wawili karibu mara 82 katika kila 100. Tuseme umepata nafasi hiyo mara 100, kila mara kwa dola 10. Utashinda mara 82 na kupata dola 820. Utashindwa mara 18 na kupoteza dola 180. Faida ni dola 640, kabla ya makato ya wenye tovuti. Zile mara 18 zimo ndani ya hesabu ile ile iliyokupa faida. Tena zina kazi yake: mchezaji dhaifu hurudi mezani kesho kwa sababu leo wafalme wake wamemshinda mtu mwenye ree. Kama mwenye karata bora angeshinda kila mara, wadhaifu wangeshaondoka zamani, na meza zingebaki na mahodari wanaotazamana.

Halafu kuna suala la kasi. Kwenye meza ya kasino, yenye mgawaji na karata za kushika, hugawiwa migao 25 hadi 30 kwa saa. Mtandaoni meza moja hutoa 60 hadi 80, na wengi hufungua meza nne kwa pamoja. Mtu wa namna hiyo hupata migao 250 na zaidi kwa saa. Ree mbili humjia takriban mara moja kila saa, wakati aliyeko kasino huzisubiri kama saa nane. Wote wawili wakicheza saa zile zile, misiba inayomfika wa kasino kwa mwaka mzima humwangukia wa mtandaoni katika wiki chache. Kwa hiyo anayelalamika kwamba mtandaoni watu hupigwa na bahati mbaya mara nyingi zaidi ameona kitu cha kweli, ila sababu yake ni wingi wa migao.

Jambo la tatu ni gumu zaidi kulimeza. Chukua mchezaji hodari anayepata, kwa wastani wa muda mrefu, faida ya blaindi kubwa 5 katika kila migao 100. Hicho ni kiwango cha kujivunia. Lakini matokeo yake halisi hupanda na kushuka kuuzunguka wastani huo kwa takriban blaindi 90 kila migao 100. Ukipiga hesabu ya uwezekano kwa tarakimu hizo, utakuta kwamba baada ya migao 10,000 ana takriban asilimia 29 ya kuwa kwenye hasara. Amecheza vizuri kwa wiki nzima, na bado karibu mara tatu katika kumi anatoka mikono mitupu au na deni kwa mfuko wake. Baada ya migao 100,000 uwezekano huo hushuka hadi asilimia 4 hivi. Ujuzi hujitokeza, lakini huchelewa sana.

Hesabu hiyo hiyo hukata upande wa pili. Mchezaji mbovu anaweza kushinda kwa migao 10,000 akajiona bingwa. Na kwa kuwa tovuti hukata fungu lake katika takriban kila kitita kinachoshindaniwa, wapo wengi ambao hasara yao ya miezi mingi haina uhusiano wowote na bahati. Kabla ya kujiita mwenye bahati mbaya, weka kumbukumbu ya kila unachoingiza na kila unachotoa. Bila kumbukumbu hiyo, neno bahati ni kisingizio.

Wala usidhani kwamba kuna ngazi ya ujuzi ambayo mtu akiifikia hapigwi tena. Vanessa Selbst wa Marekani alikuwa miongoni mwa wachezaji walioogopwa zaidi duniani. Mwaka 2017, siku yake ya kwanza katika shindano kuu la World Series of Poker huko Las Vegas, ambako kiingilio ni dola 10,000, aligawiwa ree mbili, na ree ya tatu ikashuka mezani. Akamaliza akiwa na ree tatu na saba mbili. Gaëlle Baumann wa Ufaransa, aliyekuwa naye kwenye kitita hicho, alikuwa na saba zote nne. Selbst alitoka kwenye shindano mapema mno, akiwa ameshika karata ambazo wengi huzingoja maisha yao yote.

Je, karata zinachezewa?

Aliyepigwa karata ya tano mara tatu usiku mmoja huanza kuituhumu tovuti. Tuhuma hiyo isichekwe, maana historia inaipa msingi.

Mwaka 1999 wataalamu wa usalama wa programu nchini Marekani waliichunguza programu ya kuchanga karata iliyokuwa ikitumiwa na Planet Poker, tovuti ya kwanza kuchezesha poka kwa fedha halisi. Waliotengeneza programu hiyo walikuwa wameianika hadharani ili kuonyesha uaminifu wao. Karata 52 zinaweza kupangwa kwa njia nyingi kiasi kwamba idadi yake huandikwa kwa tarakimu 68. Programu ile, kwa kuwa ilianza kuchanga kwa kufuata saa ya kompyuta, haikuweza kutoa zaidi ya mipangilio milioni 86.4 kwa siku, sawa na idadi ya milisekunde tangu usiku wa manane. Wataalamu wale walionyesha kwamba mtu akijua karata zake mbili na tatu za mezani, anaweza kuzijua karata zote zilizobaki. Kasoro hiyo ilirekebishwa.

Mwaka 2007 ulizuka uovu mbaya zaidi. Katika tovuti ya Absolute Poker mchezaji mmoja alishinda shindano kwa uamuzi wa ajabu, kana kwamba anaona karata za wenzake. Aliyeshika nafasi ya pili aliomba kumbukumbu za migao yake. Akatumiwa faili kubwa kuliko alivyoomba, lenye karata za siri za wachezaji wote. Wachezaji wenzake wakalipitia mgao kwa mgao, na ikathibitika kwamba kweli mshindi yule alikuwa akiziona.

Tazama jinsi wizi huo ulivyogunduliwa. Ulijulikana kwa kumbukumbu za migao mingi, na alama yake ilikuwa mtu anayeshinda kupita kiasi bila kukosea. Ree zako kushindwa na wafalme si alama ya wizi, kwa sababu hivyo ndivyo karata zilizochangwa kwa haki zinavyofanya mara 18 katika 100. Ukiwa na shaka, hifadhi migao yako elfu kadhaa uihesabu. Ukiona huwezi kusubiri mpaka uhesabu, ondoka kwenye tovuti hiyo. Kuendelea kuweka fedha mahali unapoamini unaibiwa ni jambo lisilo na utetezi.

Hasira inavyoingia

Wachezaji huiita hali hii tilti: mtu amepandwa na mori, bado anabofya vitufe, lakini hachezi tena. Watafiti watatu wa Finland, Jussi Palomäki, Michael Laakasuo na Mikko Salmela, walichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa simulizi za wachezaji wa poka ya mtandaoni kuhusu hali hiyo. Walikuta ina hatua zinazofuatana. Kwanza mtu hupigwa na butwaa, anaona kama kilichotokea si cha kweli. Kisha huingiwa na hasira ya mtu aliyedhulumiwa: nimecheza vizuri, yeye amecheza ovyo, na bado amechukua changu. Hasira hiyo humsukuma kukimbiza fedha zilizopotea ili haki irudi. Mwishoni huja huzuni, mawazo yasiyoisha na usiku bila usingizi.

Hatua ya pili ndiyo kiini cha yote. Binadamu huvumilia hasara kuliko anavyovumilia dhuluma, na karata ya tano hujivika sura ya dhuluma. Lakini hakuna aliyekudhulumu. Mwenye wafalme wawili alikuwa na haki ya asilimia 18, na safari hii amelipwa haki yake.

Fedha nazo zina uchungu wake. Daniel Kahneman na Amos Tversky, katika kazi waliyoanza kuichapisha mwaka 1979, walionyesha kwamba uchungu wa kupoteza huzidi furaha ya kupata kiasi hicho hicho, mara nyingi kwa takriban maradufu. Walionyesha pia kwamba mtu aliye kwenye hasara huwa tayari kubahatisha kuliko kawaida yake ili tu arudi pale alipoanzia. Mwaka 2009 Gary Smith na wenzake walichapisha utafiti juu ya wachezaji wazoefu wa mtandaoni wanaocheza kwa dau kubwa, wakakuta jambo hilo hilo: baada ya kupoteza kitita kikubwa, wengi hucheza kwa uangalifu mdogo zaidi. Hao ni watu wanaoijua hesabu, na bado iliwaponyoka.

Juu ya hayo yote kuna imani kwamba bahati inadaiwa. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, gurudumu la ruleti liliangukia weusi mara 26 mfululizo. Watu walimimina fedha kwenye wekundu, kila mara wakiamini kwamba sasa zamu yake imefika, na wakapoteza mamilioni ya faranga. Karata zinachangwa upya kila mgao. Hazikumbuki kwamba zilikuumiza, wala hazina mpango wa kukufidia.

Dakika kumi

Kinga ya kwanza huwekwa kabla hujaketi. Tenga fedha za poka peke yake, mbali na kodi, ada na chakula, na usicheze meza ambayo kiingilio chake kinazidi sehemu ndogo ya fungu hilo. Wachezaji makini wa meza za fedha hutenga viingilio 20 hadi 40, kwa hiyo wa meza ya dola 10 huwa na dola 300 hivi. Mwenye daladala hutenga fedha za matairi kabla hayajapasuka, maana anajua yatapasuka. Karata ya tano ni gharama ya namna hiyo: tarehe yake haijulikani, kuja kwake ni hakika. Amua pia ukomo wa kikao, kwa mfano viingilio vitatu, uuandike kwenye karatasi iliyo mbele yako. Kichwa kilichopandwa na mori hakiaminiki kukumbuka ahadi.

Ya pili ni ya papo hapo. Ukipigwa, weka alama ya kutogawiwa katika meza zote na uinuke kitini. Kunywa maji, toka nje, mpigie mtu simu kwa jambo lisilohusu karata. Usiandike neno lolote kwa mpinzani wako. Alichofanya ni kile kile unachotaka wapinzani wako wafanye: ameweka fedha zake zote akiwa nyuma. Hayo yote yafanyike ndani ya dakika kumi, na dakika hizo zikiisha ujiulize swali moja: naweza kutupa karata mbovu mara ishirini mfululizo bila kuona kero? Kama jibu ni hapana, kikao kimekwisha.

Ya tatu inatuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki. Fedha za simu zimeondoa umbali uliokuwapo kati ya hasira na akiba ya mtu. Zamani aliyefilisika mezani alilazimika kuondoka kwenda kutafuta fedha, na njiani damu ikapoa. Leo namba ya siri ya tarakimu nne inatosha, na pale salio linapokwisha mkopo wa simu uko tayari. Jiwekee mwiko: hakuna kuongeza fedha ndani ya kikao, kwa sababu yoyote ile. Ukitaka kuongeza, subiri kesho yake mchana. Tovuti nyingi hukuruhusu kuweka kikomo cha unachoweza kuingiza kwa siku au kwa wiki. Kiweke leo, ungali mtulivu.

Ya nne ni kazi ya kesho yake. Fungua kumbukumbu ya mgao ule, lakini isome hadi pale ulipoweka fedha zako, usitazame mwisho. Mpinzani angeweza kuwa na karata zipi? Dhidi ya hizo, ningeshinda mara ngapi katika 100? Je, kulikuwa na hatua bora zaidi? Ukiona uamuzi ulikuwa sawa, andika kwamba ungecheza tena vivyo hivyo, na uufunge. Ukiona kosa, umepata kitu chenye thamani, maana kosa linarekebishika na mfalme wa shupaza harekebishiki.

Mwandishi Maria Konnikova, msomi wa saikolojia, anasimulia katika kitabu chake cha mwaka 2020, The Biggest Bluff, jinsi alivyokwenda kwa mwalimu wake Erik Seidel, mmoja wa mabingwa wakongwe wa Marekani, kumweleza alivyopigwa na bahati mbaya. Seidel hakutaka kusikia mgao uliishaje. Alichotaka kujua ni namna alivyofikiri na alivyoamua. Jifunze kusimulia migao yako hivyo. Ukizoea kueleza watu misiba yako ya karata, unazoeza akili yako kukumbuka zile mara 18 na kuzisahau zile 82, na baada ya muda utaamini kwa dhati kwamba umelaaniwa.

Chunguza pia ni nini hasa kinachokukasirisha. Jared Tendler, mshauri wa masuala ya akili kwa wachezaji, alizigawa hasira za poka katika aina 7 katika kitabu chake cha mwaka 2011. Yupo anayeumizwa na dhuluma, yupo asiyevumilia kushindwa kwa namna yoyote, yupo anayetaka kisasi kwa mtu mmoja, yupo anayekasirishwa na makosa yake mwenyewe, yupo anayeona ushindi ni haki yake kwa kuwa amesoma zaidi. Dawa zao hazifanani. Mwenye kisasi abadilishe meza; anayejiona anastahili kushinda arudi kwenye ile asilimia 29 aisome tena. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na katika poka kukubali huko ni sehemu ya ujuzi, hufanyiwa mazoezi sawa na hesabu.

Inapokuwa si bahati mbaya tena

Mpaka hapa nimezungumza na mtu anayepoteza fedha alizozitenga. Kuna mwingine anayesoma sura hii, naye namwandikia kwa uzito zaidi.

Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilihamisha tatizo la kamari na kuliweka kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Dalili zinazotajwa ni 9, na mtu mwenye 4 kati yake ndani ya miezi 12 huhesabiwa kuwa na tatizo hilo. Baadhi yake ni kurudi siku inayofuata ili kurudisha kilichopotea, kuficha hasara kwa watu wa nyumbani, kuhitaji dau kubwa zaidi ili kupata msisimko ule ule, kushindwa kila unapojaribu kupunguza, na kutegemea wengine wakukwamue kifedha. Ukijiona humo, ushauri wa viingilio 30 na dakika kumi haukufai. Utakupa tu lugha nzuri ya kuendelea.

Mtu huyo hahitaji kujifunza kuvumilia karata ya tano. Anahitaji kuacha, na kuacha peke yake ni vigumu. Mwambie mtu mmoja unayemwamini kiasi kamili ulichopoteza, bila kupunguza. Mkabidhi usimamizi wa laini yenye fedha zako kwa muda. Iombe tovuti ikufungie akaunti. Zile zenye leseni huwa na utaratibu wa kujizuia mwenyewe kwa miezi au moja kwa moja. Zungumza na mshauri wa afya ya akili hospitalini, au ujiunge na kikundi cha Gamblers Anonymous, ambacho tangu kilipoanzishwa Los Angeles mwaka 1957 kimekuwa kikiwakutanisha watu waliopita njia hiyo hiyo, na leo hukutana hata kwa intaneti.

Sura hii yote imesimama juu ya jambo moja: pima uamuzi, usipime matokeo. Kipimo hicho kinamhusu pia anayeacha. Akifunga akaunti leo akiwa amepoteza, matokeo yake ni hasara, na hasara hiyo haitarudi. Uamuzi wake, ukihesabiwa kwa mwaka na kwa watoto wake, ni bora kuliko ree mbili zozote atakazowahi kugawiwa.